Hazadi Tulizowasha Tukienda Nyakatuntu

Ihanda, Karagwe
Jumapili, tarehe 14 Julai
Asubuhi ukungu mzito mpaka kwenye migomba ya bondeni, baridi. Jua limetoka baada ya misa.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, lakini umpe kwa sauti. Usimwambie tu "Winfrida anasalimu" halafu ukarudi kwenye chai yako. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Julai? Kahawa ya upande wa mtoni imeanza kuwa nyekundu, au bado inawasubirisha? Mimi sijambo, mtoto hajambo, ameota jino la tatu na analijaribu kwenye kila kitu, pamoja na kidole cha baba yake. Usishangae kwamba nimeanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya daftari langu la kila siku, mkono umezoea.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Ukipokea simu unasema "Salio litaisha," unakata, hata kama aliyepiga ni mimi. Tena jambo lenyewe ni la barabarani, na mambo ya barabara wewe hutaki kuambiwa mbiombio. Nataka uketi, uvae miwani, usome mpaka mwisho, kisha unipe hukumu. Sheria yako ya hazadi, zile taa za tahadhari za gari, imefika Wilaya ya Kyerwa kabla yako, na nusura ivunje posa ya shemeji yangu Projesti.

Nianze na Anatori. Mume wangu aliteleza kwenye uwanja wa kuanikia kahawa akaangukia mkono wa kulia. Amefungwa hogo kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, hawezi kushika usukani, na hata uji ananyweshwa pamoja na mtoto, kijiko kwa kijiko. Na siku ya kupeleka Nyakatuntu rubisi ya posa, pombe ya huku ya ndizi, ilikwisha kupangwa. Projesti, mdogo wake, anamtaka Evodia, binti wa Mzee Bernado. Wamependana tangu wakiwa wanakwaya, na Mzee Bernado alikuwa amekubali kupokea rubisi, ambayo huku ni nusu ya kusema ndiyo. Pikapu ya nyumbani ipo, dereva hayupo. Ndipo Baba mkwe, ambaye huku tunamwita Tata, akaniita uani.

"Nasikia unaendesha."

"Naendesha, Tata."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Aliendesha malori ya kahawa, Mbinga mpaka Songea."

"Aliwahi kupata ajali?"

"Mara moja tu. Alikuwa amesimama."

Tata alicheka mpaka akashika mti. Nikamweleza jinsi lori lako lilivyokufa katikati ya mteremko, taa hazifanyi kazi, mwenzako akakugonga kwa nyuma na magunia yakamwagika hadi mtoni. Nikamwambia na sheria uliyonipa baada ya hapo: gari linalotambaa ni jiwe katikati ya barabara; jiwe halina taa, wewe unazo, washa. Akasema, "Baba yako ana akili. Utatupeleka."

Rubisi yenyewe aliipika Tata kwa mkono wake. Ndizi zikaiva, zikakamuliwa kwa nyasi, mtama ukatiwa, ikalala. Kwa kawaida siku hizi watu huibeba kwenye madumu, lakini Mzee Bernado alikwisha kutuma neno kwamba rubisi ya dumu ni ya kilabuni, ya posa huja kwenye vibuyu. Basi tulikuwa na vibuyu vikubwa, vimezibwa kwa majani bila kukazwa, maana ilikuwa bado inachemka na ukiikaza inarusha kizibo. Mama mkwe alinishika mkono akaniambia, "Kibuyu kikipasuka njiani, na posa imepasuka. Usitukimbize." Tukavipanga nyuma ya pikapu kwa mstari mrefu, juu ya majani makavu ya migomba, na kwa sababu ya vumbi la kiangazi tukavifunika kwa shuka lake jeupe la sikukuu. Tulipomaliza nilirudi hatua kadhaa nikatazama. Nilipenda nilichokiona. Sikufikiri zaidi ya hapo, na ndipo nilipokosea.

Kisha nikawasha hazadi kuzijaribu. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Akauliza:

"Hizo taa zinazokonyeza ni za nini?"

"Ni hazadi, Mama."

"Hasidi?" Akashusha ungo. "Hasidi gani tena, na safari haijaanza?"

"Hazadi, Mama. Za kuwaonya walio nyuma yetu."

"Ndio hao hao," akasema. "Hasidi hukaa nyuma. Washa, mwanangu, na usizime mpaka ufike."

Kwa hiyo, Baba, nilitoka nyumbani nikiwa na amri mbili za wakubwa, yako na yake, na zote zinasema kitu kimoja.

Tulikuwa watatu. Tata alikaa mbele nami. Hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya kulinda rubisi isionjwe, kwa hiyo kabla hatujafika mbali alilaza kiti nyuma, akajifunika uso kwa kofia, na kwa mtu aliye nje akawa hayupo kabisa. Projesti alipiga magoti nyuma, kati ya mstari wa vibuyu na ubao, amevaa suti nyeusi ya harusi ya kaka yake, mkono mmoja juu ya shuka kuvituliza. Vumbi likamwingia machoni. Akatoa leso nyeupe akawa anafuta machozi, anainama, anafuta tena.

Mimi natambaa. Kila shimo naliingia kama ninayeshuka ngazi na ndoo kichwani. Hazadi zinakonyeza.

Wa kwanza alikuwa bodaboda mmoja. Alikuja kwa kasi, akatufikia, akachungulia nyuma ya pikapu. Akapunguza mwendo. Akavua kofia yake, akaiweka tumboni chini ya jaketi, akarudi nyuma yetu akatulia. Nikasema moyoni, huyu kijana amefundwa. Wakaja wengine wawili, nao wakafanya vile vile. Likaja lori la ndizi, likanusa nyuma yetu kidogo, halafu nalo likawasha hazadi. Baba, sikufichi, nilifurahi. Nikaona kumbe huku wanaijua sheria yako, ila hawakuwa na wa kuwaongoza. Likajiunga gari la abiria la kwenda Nkwenda. Kwenye kioo cha pembeni niliona mkia mrefu unakonyeza kwa adabu, hakuna anayepiga honi, hakuna anayetaka kupita.

Pale Omurushaka, njia ya Kyerwa inapokata, alikuwapo afande wa usalama barabarani. Aliyasimamisha magari ya upande wa pili, akasimama wima, akanipigia saluti. Mimi nikampungia mkono nikitabasamu. Nimekuja kujua baadaye kwamba tabasamu lile lilizungumzwa sana. Kina mama wauza matunda walisimama. Mmoja wao alijifunga kanga kiunoni, akashika shavu, na huyo huyo, kumbe, ni binamu wa Mzee Bernado, na ana simu.

Ili uelewe alichokipiga kwenye simu, lazima nikwambie kwamba Tata alizaliwa Nyakatuntu. Kibanja cha baba yake kiko kule, jirani kabisa na kwa Mzee Bernado, na makaburi ya wazee wake yamo humo chini ya migomba. Kwa miaka mingi amekuwa akisema kwenye kila sherehe kwamba akifa asizikwe Ihanda, apelekwe akalale kwao. Sasa yule mama aliona pikapu ya Tata, mzee Laurian, mwenyewe hayumo, mkwewe ndiye anayeendesha, mtoto wake amepiga magoti nyuma analia, kitu kirefu chini ya shuka jeupe, na msafara wa hazadi. Hata wewe, Baba, ungepiga simu.

Tulipofika kwenye njia ya kukata kwenda Nyakatuntu ilinibidi nizime hazadi, maana zikiwaka zote indiketa ya upande mmoja haionekani. Nikaonyesha kushoto. Nyuma yangu wote wakaonyesha kushoto. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Gari la abiria la Nkwenda linafuata nini Nyakatuntu? Lakini nilikuwa kwenye makorongo na vibuyu, sikuweza kufikiri vitu viwili. Nikawasha tena, nikaendelea kutambaa.

Kwa Mzee Bernado tulikuta watu wengi uwanjani. Wanawake wamejifunga kanga, wanaume wamesimama kando ya uzio, moto wa magogo unawashwa mchana. Vilio vikapanda. Nikasema moyoni: wamefiwa, siku hii hii ya posa! Nikazima injini lakini hazadi nikaziacha, kwa heshima. Nikashuka kwa kunyata. Mama yake Evodia akanijia akanikumbatia.

"Pole sana, mwanangu. Pole sana."

Nikaona ajabu aliyefiwa anipe pole mimi, lakini watu wa huku wana adabu nyingi. Nikamjibu, "Poleni ninyi, Mama. Poleni sana."

"Sisi tumepoa. Pole ni yako."

"Hapana, Mama, ni yenu."

Tukalia kidogo. Unajua mwenyewe kwamba msibani mtu hafiki na kuuliza "Amekufa nani?" kama anayeuliza bei. Unalia kwanza, unakaa, na marehemu utamjua kadiri mazungumzo yanavyokwenda. Basi ndivyo tulivyofanya, wao na sisi, kila upande ukimsubiri mwenzake amtaje wake. Waliotufuata nao walishuka, wakapanga mstari, wakatoa pole pande zote mbili ili wasikosee. Projesti, alipoona wanawake wanalia kwa Evodia, akapata wazo lake mwenyewe la kutisha, na machozi ya vumbi yakageuka ya kweli. Alipoanza kulia kwa sauti, watu wote wakawa na hakika.

Kelele zikamwamsha Tata.

Mlango ukafunguka. Akashuka kwa nyuma nyuma kama anavyoshuka siku zote, akanyoosha suti, akavaa kofia, akageuka. Alichokiona ni kilio. Tata ni mtu wa huruma. Akavua kofia tena, macho yakamjaa maji, akamwendea rafiki yake Mzee Bernado akamshika mikono yote miwili.

"Poleni, waitu, ndugu zetu. Poleni sana. Jamani, ni nani?"

Mzee Bernado alimtazama. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemfikishia mwenzake habari mbaya:

"Ni wewe, Laurian."

Mwanamke mmoja alikuwa amefika katikati ya kilio akakimeza, akapata kwikwi, nayo kwikwi ndiyo peke yake iliyokuwa ikisikika. Kisha mtu akauliza swali la haki kabisa: kama mzee ni huyu, chini ya shuka kuna nani?

Hakuna aliyetaka kusogea. Mwishowe Mzee Bernado mwenyewe akapanda, akashika pembe ya shuka kwa vidole viwili, akafunua. Kibuyu cha kwanza kikatoa povu. Yule bodaboda wa kwanza, aliyetembea njia yote bila kofia, akapaza sauti:

"Marehemu ni rubisi!"

Baba, uwanja ulilipuka. Watu walikaa chini. Dereva wa lori la ndizi alishika gurudumu lake kucheka. Abiria mmoja wa lile gari alikuwa anakwenda Nkwenda kununua mbuzi. Akawa anauliza kila mtu kama mbuzi anaweza kupatikana hapa hapa, maana hana nguvu za kurudi. Tata akawa anapita kwa waliolia, anataka kujua nani alilia sana na nani alijikaza. "Wewe sikukuona," akamwambia jirani mmoja. "Ningekuwa kweli nimekufa, nawe ungesimama hapo hapo kwenye uzio?"

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka, naye ndiye mwenye neno. Huku, binti haolewi bila shangazi yake kukubali. Shangazi Domina, dada wa Mzee Bernado, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kanga bado kiunoni.

"Mmemaliza kucheka?" akasema. "Basi nisikilizeni. Mtu haji kuomba mtoto wa watu na maiti garini."

"Maiti hayupo, dada," akasema Mzee Bernado.

"Kilio kipo. Nimelia mwenyewe, na machozi yangu siyarudishi machoni. Uwanja huu umelilia posa hii kabla haijasemwa. Evodia hatoki."

Projesti alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye majani ya migomba, kati ya vibuyu. Nilimwona Evodia mlangoni mwa jiko, ameshika mwiko, uso umemkauka. Nikajiambia, Winfrida, wewe mgeni kutoka kusini, mara ya kwanza umepewa usukani, umevunja nyumba ambayo haijajengwa. Nikajikaza nikapiga goti mbele ya Shangazi.

"Shangazi, kosa ni langu. Si msiba. Ni hazadi tu."

"Nani?"

"Hazadi."

Akawageukia wanawake. "Mmesikia? Anakiri mwenyewe. Amekuja na hasidi!"

Hapo kila mwanamume mwenye chombo cha moto akaona ni wajibu wake kunitetea. Dereva wa lori akasema yeye anajua hazadi ni za msiba, kwa hiyo makosa si yake. Bodaboda akasema, au harusi. "Harusi hupiga honi," akajibu dereva, "na huyu mama hakupiga honi hata moja." Mwingine akasema hapana, hazadi ni za gari lililoharibika, na gari likisogea tu uzime. Katekista, mtu mtulivu mwenye pikipiki ya parokia, akasema yeye alifundishwa kwamba ni za kuonyesha unakwenda moja kwa moja kwenye njia panda.

"Ndiyo maana uligongwa," akasema bodaboda.

"Niligongwa na mtu asiyejua hazadi!"

Wakati wakibishana Evodia alitoka jikoni. Alipita katikati ya watu na mwiko wake, akafika kwenye pikapu, akamuuliza Projesti kwa sauti ya kawaida, kama wanaoendelea na maongezi ya jana:

"Vibuyu ni vizima?"

"Vizima vyote," akajibu Projesti.

"Hata kimoja hakikupasuka?"

"Hata ufa."

Akamgeukia Shangazi yake. Kisha akarudi jikoni. Lakini wote tulikuwa tumesikia: vibuyu vizima, na posa nzima. Bibi yake Evodia, mama wa Shangazi, ambaye wakati wote alikuwa kwenye mkeka akimalizia kilio chake polepole kwa sababu ya umri, akasema kwamba mtu akizushiwa kifo siku zake huongezwa, hivyo watu wa Ihanda hawakuleta kifo, wameleta siku. Tata akaitikia kwa nguvu sana. Shangazi akatafakari. Hakutaka kumpinga mama yake mbele ya wageni, wala hakutaka kushindwa.

"Basi warudi," akasema. "Warudi mpaka barabara kubwa, waingie upya kama watu wanaoposa. Kwa nyimbo. Na hao hasidi wasiwashwe. Nitakaa mbele nione mwenyewe."

Tukageuka. Tata alikataa kukaa ndani. Aliwekewa kiti nyuma pamoja na vibuyu ili kila mtu amwone anavyopumua. Bodaboda wakatangulia wakipiga honi, wengine wakabaki uwanjani kutusubiri. Shangazi Domina alikaa pembeni yangu, mkono ameuweka karibu kabisa na kitufe cha hazadi, kama anayelinda sukari.

Tulifika barabara kubwa, tukapita mbele kidogo, tukapata pa kugeuzia chini ya mlima, tukaanza kurudi. Vibuyu ni vile vile, kwa hiyo mwendo ni ule ule. Bodaboda wamekwisha kutuacha na nyimbo zao. Mbele yetu ng'ombe wakaanza kuvuka, wale wenye pembe ndefu, hawana haraka na mtu. Nikapunguza zaidi, karibu kusimama. Vumbi la bodaboda bado limetanda. Nikatazama kioo. Juu ya mlima nyuma yetu lori lilikuwa linashuka.

"Shangazi, nyuma kuna lori."

"Naliona. Mbona linakuja tu?"

"Linakuja tu. Haliwezi kujua kama tunatambaa."

"Si uliambie!"

"Naliambiaje, na umenikataza taa?"

Nyuma Tata amesimama juu ya kiti, anapunga kofia. Mlio wa lori ukawa mkubwa. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Shangazi ndiye aliyekuwa ameziba kitufe kwa mkono wake. Akageuka, akaona bampa.

"Winfrida, washa hasidi!"

"Shangazi, ulisema..."

"Nilisema nikiwa nimekaa kwenye kiti! Washa hasidi wote!"

Akabonyeza mwenyewe, kwa kiganja kizima. Tukaanza kukonyeza. Lori likapiga breki, likalia, likayumba kidogo, likasimama nyuma yetu umbali ambao Tata alisalimiana na dereva bila kupaza sauti. Kibuyu kimoja kilirusha kizibo, rubisi ikamlowesha Tata suruali. Hakikupasuka. Ng'ombe walimaliza kuvuka. Shangazi hakuondoa kiganja chake pale mpaka tulipofika kwenye njia ya kukata, nikalazimika kumwomba aniachie nionyeshe kulia.

Tulipoingia uwanjani kwa mara ya pili hazadi zilikuwa zinawaka, na yeye ndiye aliyeziwasha tena. Akashuka wa kwanza, akasimama mbele ya watu wote, akafungua kanga kiunoni akaitupia begani.

"Hizi taa si za maiti," akatangaza. "Ni za wazima wanaotaka kubaki wazima. Leteni vikombe."

Posa imepokelewa, Baba. Harusi itakuwa baada ya mavuno ya kahawa. Shangazi Domina ameweka masharti yake: gari la bibi harusi nitaendesha mimi, yeye atakaa mbele, na hasidi watawashwa kutoka mlangoni mpaka kanisani. Waliotufuata wote walikunywa, na yule wa mbuzi alipata mbuzi. Huku nyumbani Mama mkwe alishinda akipokea simu za pole; alizijibu zote, "Asanteni sana, na yeye atawashukuru akirudi."

Leo baada ya misa nilimkuta yule afande wa Omurushaka, nikamuuliza sheria inasemaje. Akasema kwa anavyojua yeye, hazadi ni za gari lililosimama vibaya au linalowatia wenzake hatarini, na kwamba kutembea nazo safari nzima kunawachanganya watu. Nikamuuliza, kama ndivyo, mbona alinipigia saluti badala ya kunisimamisha? Akasema, "Nilimpigia marehemu."

Sasa naomba hukumu yako. Mimi naona hivi: kule kwenye ng'ombe, na lori nyuma, ilikuwa haki kuziwasha. Njia nzima kutoka Ihanda, pengine nilizidisha. Lakini mtu mwenye vibuyu atajuaje ni wapi jiwe linaanza kuwa jiwe? Andika wazi, kwa sababu Tata anataka kuisoma barua yako kwa sauti siku ya harusi.

Msalimie Mama tena. Msalimie kaka Otmari, umwambie mkono wa shemeji yake unapona na asithubutu kucheka. Msalimie shangazi yangu Kandida, umwambie nimepata mwingine wa aina yake huku, na bibi aliyeko Kigonsera, ambaye akiulizwa ninakokaa hujibu kwamba nimeolewa Uganda. Majirani wa mtoni nao wote.

Ni mimi binti yako, dereva wako,
Winfrida

Mama mkwe amepita dirishani kuniuliza kama nimewazima hasidi. Nimewazima wote. Nalala saa nne na nusu.